Mateka wa Jumamosi

Jumamosi, 12 Novemba 1994

Mvua bado, lakini vita tumevianza leo, maana Ramson alisema lile wingu la jana jioni linamtosha. Kila mwaka tunaanza na mvua za kwanza na kumaliza zinapokatika. Nimenunua daftari hili ili safari hii kila kitu kiandikwe. Misimu saba iliyopita tuliandika matokeo nyuma ya karatasi za mitihani, panya wakazila, na sasa kila mtu anadai ndiye mshindi.

Akilikuta mtu daftari hili mimi nikiwa sipo, asije akadhani hapa mtaani Mfaranyaki alikuwa anaishi mwendawazimu. Mimi ni Makarius Gama, mwalimu wa historia, mgane, umri miaka arobaini na minane. Naishi na mama yangu mzazi. Askari nitakaowaandika humu ni wa risasi, kimo chao hakizidi kidole gumba. Mhandisi Mwingereza aliyekuja kujenga barabara ya Makambako ndiye aliyenifundisha kucheza, na alipoondoka akaniachia sanduku zima na kitabu cha sheria. Ni vita vya Ulaya ya Zama za Kati: mashujaa wa farasi waliovaa deraya, wapiga mishale, watu wa mikuki. Kila mmoja ana hatua zake zinazopimwa kwa futi ya mbao, na nani afe nani apone inaamuliwa kwa dadu. Kitabu nilikitafsiri mwenyewe, kurasa thelathini na moja. Wale waliotupungukia tumewamimina kwa risasi ya betri mbovu za magari na kuwapaka rangi ya kucha. Leo tumehesabu mia mbili na kumi na wanne. Meza ni mlango wa zamani, juu yake blanketi la kijani, chini ya blanketi matofali ndiyo milima.

Ramson Kihwele ni mchora ramani wa ofisi ya ardhi. Ni Mhehe wa Iringa, mimi Mngoni, kwa hiyo ni mtani wangu. Babu zake na babu zangu waliuana mpaka wakachoka, wakatuachia utani. Ana ruhusa ya kunitukana sokoni, kazini, hata msibani, na mimi vilevile, na hakuna mwenye haki ya kununa. Akiingia kwangu ananisalimu kwa Kihehe, "Kamwene, mkimbizi," kwa sababu babu zangu walitoka kusini wakikimbia vita vya Wazulu. Nami namuuliza kama mbwa wa jirani wamesalimika, maana Wahehe tunawasingizia kula mbwa.

Kuna sheria moja ambayo haimo kwenye kitabu cha Mwingereza, ni yetu. Ukimteka shujaa wa mwenzako unaondoka naye. Atakaa mezani kwako kazini wiki nzima, na mwenyewe lazima aje kumkomboa kwa kusimama na kusikiliza matusi mbele ya watu. Hakuna fidia nyingine.

Msimu huu mimi nina ngome, yeye anaizingira. Ramani ameichora vizuri sana, mto ameutia rangi ya bluu.

Jumatano, 16 Novemba

Mvua imenyesha saa tisa alasiri, ya mawe. Darasa la Kidato cha Pili linavuja.

Jumamosi, 19 Novemba

Wiki nzima shujaa wangu mwenye ngao nyekundu alikuwa ofisi ya ardhi, juu ya kopo la wino. Jana nilikwenda kumkomboa. Ramson aliwaita makarani wote, akawaeleza kuwa Mngoni huyu anajua tarehe za vita vyote duniani kwa sababu ukoo wake umeshindwa vyote. Makarani walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nami nilicheka, nikamchukua mtu wangu.

Leo nimepoteza daraja.

Jumamosi, 3 Desemba

Nimeshindwa mara ya tatu mfululizo, na hilo si baya kuliko mengine.

Ramson alichelewa saa nzima. Alikuja na shati lililopigwa pasi, akacheza amesimama. Malaria ya mwezi uliopita imemkondesha, mkanda ameutoboa tundu mpya, lakini uso unang'aa. Mama akamuuliza kulikoni. Akasema amepata mchumba. Ni Brigita, mwalimu wa shule ya msingi, mpwa wake Mzee Polycarp Kamugisha, mkaguzi wa elimu aliyehamia hapa kutoka Bukoba miaka miwili iliyopita. Posa itapelekwa baada ya Mwaka Mpya. Ameshashona suti.

Mama alipiga vigelegele, kifua kikambana, akakohoa. Mimi nikampa mkono. Nikamwambia Wahaya wajiandae kufunga mbwa wao. Akacheka, kisha akasema huenda Jumamosi zikapungua, labda mbili kwa mwezi, maana mtu mwenye nyumba yake ana mambo.

Nikasema inaeleweka.

Alhamisi, 15 Desemba

Tumemzika Mzee Kajetani, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Mvua ilikatika saa nne tukawahi.

Ramson alikuja kuchimba kama inavyompasa mtani. Alivaa kofia ya marehemu, akaizunguka nyumba akidai pombe, watoto wa marehemu wakacheka na kulia kwa pamoja. Ndivyo inavyotakiwa. Ilipofika zamu yangu kumjibu nilisimama juu ya udongo nikasema kwa sauti ya darasani: "Wachimbaji, msichoke. Chimbeni na la pili hapo pembeni. Mtani wangu huyu ana mdudu wa siku hizi, anasingizia malaria. Tazameni shingo hiyo. Pasaka haioni."

Watu wetu walicheka sana. Ramson aliniinulia jembe, akasema akifa atanitokea darasani na kusahihisha tarehe zangu. Wakazidi kucheka. Mzee Kamugisha alikuwa amesimama karibu na ua na mwavuli wake, yeye hakucheka. Nilidhani ni ugeni.

Nimelala mchana huu kidogo. Nimechoka na udongo.

Jumamosi, 17 Desemba

Tumecheza. Ramson yule yule. Nimeteka farasi wake mmoja, hatimaye.

Jumapili, 25 Desemba

Noeli. Kanisani wamejaa mpaka nje. Mama hakuweza kwenda, kifua.

Jumamosi, 7 Januari 1995

Ramson hakuja. Tangu tuanze mchezo huu hajawahi kukosa ila alipolazwa.

Habari nimezipata kwa Mwanaisha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwenyeji wa Tunduru anayeuza korosho sokoni. Alikuja kumwona mama, akasimama mlangoni bila kuketi. Alisema posa ilipelekwa juzi Alhamisi, wazee wa Ramson walisafiri toka Iringa kwa basi siku nzima. Mzee Kamugisha aliwapokea vizuri, akawapa chakula, kisha akawaambia hana binti wa kumwozesha mgonjwa. Walipouliza mgonjwa wa nini, akasema ugonjwa ulitangazwa makaburini na rafiki yake mwenyewe, mwalimu, mtu mzima, na kijana aliposikia hakukana.

Hakukana! Angekanaje? Mtani akikana utani, utani gani tena?

Niliketi mbele ya meza ile mpaka mama akaniita kula. Nilikuwa nasikia maneno yangu yote, moja moja.

Jumapili, 8 Januari

Nimekwenda kwa Mzee Kamugisha baada ya misa. Nilivua kofia, nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kiti. Nilimweleza yote: vita vya babu zetu, kwa nini kuna utani, mtani anachimba kaburi, anaruhusiwa kusema lolote. Nilieleza vizuri kama ninavyoeleza darasani, na yeye alisikiliza kama mkaguzi anavyosikiliza somo, mikono juu ya magoti.

Nilipomaliza akasema: "Mwalimu, nimezika kaka, dada na shemeji kwa ugonjwa huo mnaouita mdudu. Brigita ni mtoto wa huyo dada. Alimwogesha mama yake kwa mikono yake, akiwa na miaka kumi na sita. Kwetu hilo neno halina utani."

Nikasema nilidanganya. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama ninaweza kudanganya mbele ya maiti, atajuaje kwamba leo sidanganyi ili kumsaidia rafiki yangu. Miaka ishirini na miwili ya kufundisha, nikavaa kofia yangu nikaaga.

Brigita alikuwa kwenye kibaraza, anachambua mchele. Alinisindikiza mpaka njiani. Akaniuliza swali moja tu, ni kweli au si kweli. Nikamwapia si kweli. Akasema alimwomba Ramson waende wote wawili hospitali wapime, mambo yaishe, na Ramson amekataa. Hakulia. Alisema shule yake imemruhusu, keshokutwa anapanda basi kwenda kwao.

Jumanne, 10 Januari

Ameondoka. Mwanaisha alimwona stendi.

Jumamosi, 14 Januari

Ramson amekuja. Saa nane kamili, kama zamani.

Alibisha hodi. Miaka yote hajawahi kubisha hodi. Akasema, "Habari za mchana, Ndugu Mwalimu." Nikamwuliza habari za mbwa. Akasema, "Nzuri, nashukuru." Akamwamkia mama, akamwuliza kifua, akaketi.

Tulicheza saa tatu. Alipima kila hatua, hakuniibia hata nusu inchi, nami nilitamani aniibie. Nilipokosea zamu alisema, "Samahani, sheria ya kumi na nne," akanionyesha ukurasa. Nikamwambia, Ramson, mimi ndiye niliyeitafsiri hiyo sheria, nipige hata kofi. Akajibu, "Hapana, hakuna ubaya wowote. Ni utani." Akarusha dadu.

Angeacha kuja ningeelewa. Lakini kuacha kuja ni kununa, na mtani hanuni. Kwa hiyo anakuja.

Alinitekea mashujaa wawili, akawatia mfukoni.

Jumatano, 18 Januari

Kabla sijaenda kuwakomboa, tarishi wa ofisi ya ardhi kaleta bahasha shuleni. Ndani mlikuwa na mashujaa wangu wawili, kila mmoja amefungwa kwenye kipande cha gazeti. Juu ya bahasha ameandika jina langu lote kwa mwandiko wa ramani. Hakuna neno jingine.

Mwalimu mkuu aliuliza ni nini hicho. Nikasema chaki za rangi. Nilikwenda chooni nikakaa humo mpaka kengele ikagonga.

Jumamosi, 21 Januari

Mvua tangu alfajiri. Alikuja na koti. Samahani, tafadhali, asante. Nimeshinda, na sijawahi kuchukia kushinda namna hii.

Jumamosi, 28 Januari

Hali ile ile.

Jumamosi, 4 Februari

Hali ile ile. Mama aliniuliza kwa Kingoni kama huyu mgeni anayekuja siku hizi ni nduguye Ramson. Sikujua anatania au macho yamepungua.

Jumamosi, 11 Februari

Leo nilimwambia. Niliweka futi chini nikasema kapime, nitakwenda nawe, nitasimama kwenye foleni nawe, majibu tutayapeleka Bukoba mimi mwenyewe na wewe. Nilisema nakuomba kwa jina la mama.

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Januari. Akasema: "Nikipima, nitakuwa nimekubali kwamba maneno yale yalihitaji kujibiwa. Brigita nilimwambia hivyo hivyo. Kama anataka kuniamini, aniamini nilivyo." Kisha akasema ananishukuru kwa ushauri.

Hawa watu wana kiburi cha kuzaliwa nacho. Niliandika sentensi hiyo nikaiangalia. Kiburi chake kisingekuwa na kazi kama mdomo wangu ungekaa kimya siku moja.

Jumatatu, 20 Februari

Mwezi wa Ramadhani. Mwanaisha ametuletea futari, tambi na maharage ya nazi, kama anavyofanya kila mwaka ingawa sisi ni Wakatoliki. Mama alikula kidogo, jambo la kushukuru.

Nilipomrudishia bakuli nilianza kulalamika: kwamba watu wa kuja hawaelewi mila zetu, mji umejaa wageni, neno la mzaha linakuwa hukumu. Mwanaisha akanisikiliza. Yeye ni Myao, ananiita kaka, na hana haraka ya kusema. Akasema, "Kaka Makarius, mimi pale msibani nilikuwepo. Utani nimeukuta toka nazaliwa. Watani wanaambiana wamekufa, wameoza, wameliwa na fisi. Wewe ulitaja ugonjwa, ukataja malaria, ukaonyesha shingo. Ulipanga maneno. Na ulimwona yule mzee amesimama pale."

Nikasema sikumwona.

Akasema, "Haya. Mola ndiye ajuaye." Akachukua bakuli lake akaingia ndani.

Nimerudi nikafungua daftari hili, nikasoma ukurasa wa tarehe 15 Desemba. Nimeandika kwa mkono wangu kwamba Mzee Kamugisha alikuwa karibu na ua na mwavuli wake. Nilimwona. Nilimwona kabla sijafungua mdomo.

Basi niseme, maana nilinunua daftari hili ili kila kitu kiandikwe. Nilitaka asioe. Fausta, mke wangu, alipofariki, nyumba hii ilibaki na kikohozi cha mama na ile meza, na Ramson akawa anakuja kila Jumamosi. Aliposema Jumamosi zitapungua nilimpa mkono, na moyoni nikasema hapana. Sikumtakia ugonjwa wala kifo. Nilitaka abaki tu. Nilijificha nyuma ya utani kwa kuwa nilijua hataruhusiwa kujibu.

Naona aibu. Nina miaka arobaini na minane.

Jumatatu, 27 Februari

Kumbukumbu ya Majimaji. Nimepeleka wanafunzi, tumesimama juani. Waliniuliza maswali mazuri na mimi niliwajibu hovyo.

Jumamosi, 11 Machi

Ngome imeanguka. Ramson alileta ngazi tatu kwenye ukuta wa kaskazini, dadu zikamkubali. Kwa sheria yetu ana haki ya kuchukua mashujaa wangu wote kumi na mmoja waliokuwa ndani. Aliwapanga vizuri upande wangu wa meza, nyuso zao zikinitazama. "Wabaki tu, Ndugu Mwalimu. Mvua ni nyingi, watalowa."

Nilitaka kumwambia nililoliandika tarehe 20. Nilifungua mdomo, nikamkaribisha chai.

Jumatatu, 20 Machi

Mama amezidiwa. Daktari amesema mapafu. Nimeomba ruhusa kazini.

Jumatano, 22 Machi

Hali si nzuri. Mwanaisha anakesha nami. Padri amekuja.

Alhamisi, 23 Machi

Mama amefariki saa kumi na moja alfajiri. Mvua ilikuwa inanyesha, nikashindwa kusikia pumzi ya mwisho ni ipi.

Jumapili, 26 Machi

Tumemzika jana, kwenye shamba letu la Ruhuwiko, pembeni ya baba. Naandika yote sasa hivi kabla sijaanza kuyarekebisha.

Tangu Alhamisi nilikuwa najiuliza jambo moja, na Mungu anisamehe, halikuwa mama. Nilikuwa najiuliza kama Ramson atakuja kama mtani au kama mgeni. Akija amevaa vizuri, akanipa mkono, akasema pole sana Ndugu Mwalimu, akaketi na wageni, basi yameisha, hata akiendelea kuja kila Jumamosi mpaka tuzeeke.

Ijumaa hakutokea. Jumamosi asubuhi wakati wa kuchimba hakutokea, wajomba wakachimba wenyewe wakinung'unika kuwa msiba huu hauna watani. Watu walikuwa wengi, walimu wote, majirani, hata Mzee Kamugisha na mwavuli wake. Tulipofika na jeneza kaburini, Ramson akaja kupitia katikati ya mahindi. Alikuwa amevaa suti, ile aliyoishonea posa. Hakumwamkia mtu. Akaruka ndani ya kaburi, akalala chali kwenye udongo mbichi, mikono kifuani.

Wazee wetu wakaanza kutabasamu, maana hapo sasa msiba umekamilika.

Akasema kutoka mle chini: "Mimi sitoki. Mama huyu alikuwa mtu pekee mwenye akili kwenye nyumba ya huyu mkimbizi, simwachi peke yake." Watu wakacheka. Akanitukana. Alinitukana mimi, darasa langu, ukoo wangu tangu Mto Zambezi walikovukia wakilia, kofia yangu, upishi wangu. Miezi mitatu nilikuwa na njaa ya matusi hayo, nikalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Waombolezaji walidhani namlilia mama, na mama pia nilikuwa namlilia.

Mjomba akamtolea jogoo ili atoke. Akakataa. Wakamletea pombe ya ulanzi. Akakataa. Mjomba akamuuliza basi anataka nini, jeneza linalowa na mvua.

"Nataka mdomo wake," Ramson akasema. "Aseme hapa, mbele ya watu, alichonifanyia Desemba, na sababu yake. Akificha sababu, nazikwa humu."

Nikasogea ukingoni. Nilimwona Mzee Kamugisha upande wa pili, ananitazama. Nikasema, "Nilisema Ramson ana mdudu. Nilidanganya. Nilimwona mjomba wa mchumba wake amesimama pale, nikasema makusudi asikie. Sikutaka Ramson aoe. Nilitaka aje kwangu kila Jumamosi tucheze vita vya askari wa risasi."

Kisha shangazi yangu mmoja akaanza kucheka, akashika bega la mwenzake, na kicheko kikapita watu wote mpaka kwa vijana waliobeba sepetu. Mwalimu mzima! Kuvunja posa ya mtu kwa sababu ya wanasesere! Nikarudia kwa sauti zaidi, nikaapa kwa mama aliyelala pale kwenye jeneza. Wakazidi, wengine wakajifuta machozi. Mwalimu mkuu alikuwa anatikisa kichwa, anasema huyu Gama huyu. Mzee Kamugisha naye alikuwa amefunika mdomo kwa leso, mabega yanamcheza.

Nikatazama chini. Ramson hakuwa anacheka. Alinitazama muda mrefu, kisha akanyoosha mkono. Nikamvuta. Suti yote ilikuwa matope mgongoni. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Tumzike mama," akashika kamba upande wa kichwani.

Jumamosi, 1 Aprili

Nimekwenda tena kwa Mzee Kamugisha, peke yangu, mbali na kaburi na watu. Alinipokea kwa mikono miwili. Alisema anaona aibu kwa kucheka msibani, lakini siku ile ndipo alipotuelewa. Nikamwambia, Mzee, niliyosema yalikuwa ya kweli, neno kwa neno. Akacheka tena kidogo, kwa huruma, akanishika bega. Akasema mtu hawezi kuvunja ndoa ya mwenzake kwa jambo dogo kama lile, nisimwone mtoto, sasa anajua mila zetu.

Kisha akaniachia bega. Akasema kama hali ni hiyo, basi hata lile la Desemba alilichukulia vibaya, na kijana hakuwa na kosa. Alisema hivyo mwenyewe. Lakini mahari ya Brigita imeshapokelewa Bukoba tangu Februari, kutoka kwa watu wengine, na harusi ni Jumatatu ya Pasaka. Akaniomba nimfikishie Ramson salamu zake.

Jumamosi, 8 Aprili

Ramson hakuja. Manyunyu tu leo.

Jumamosi, 15 Aprili

Hakuna wingu. Tangu Jumatano hakujanyesha, mahindi yameanza kukauka majani ya chini.

Saa nane nilikuwa nimeketi tu. Meza sikuipanga. Mlango ukasukumwa bila hodi, Ramson akasema, "Kamwene, mkimbizi. Umeshindwa hata kupanga askari?"

Nilimjibu jambo fulani kuhusu mbwa, silikumbuki. Tukapanga pamoja. Aliniibia inchi mbili kwenye hatua ya kwanza, nikapiga kelele, akasema Mngoni hana haki ya kuzungumzia mipaka. Tulicheza mpaka jua likafika dirisha la magharibi. Nilikuwa na furaha. Naiandika kwa sababu ni kweli.

Katikati ya mchezo nikamwuliza kama anajua. Akasema Brigita alimwandikia, barua ndefu, nzuri. Harusi keshokutwa. Hakuondoa macho kwenye wapiga mishale wake. Nikamwuliza kama amenisamehe. Akasema, "Ulisema kweli kwa mdomo wako, basi. Wengine kucheka, hilo si kosa lako." Akarusha dadu, akapata sita.

Alipoondoka nilisimama katikati ya sebule. Kitanda cha mama kimeshatolewa, kile chumba kitupu. Kule kwake mtaa wa pili ana jiko moja na sahani mbili, ananiambia hafikirii tena mambo ya kuoa, umri umekwenda. Hana miaka arobaini. Nikaona, nimesimama pale na futi mkononi, kwamba nililolitaka siku ile juu ya udongo wa Mzee Kajetani nimelipata lote. Hakuna lililopungua.

Kabla hajatoka, mlangoni aligeuka akaniuliza kama Jumamosi ijayo nipo, ingawa mvua zimekatika na vita vimekwisha. Nikamwambia nipo. Akasema naye yupo. Jumamosi zote, akasema, yupo tu.